Mwongozo kamili wa “say” na “tell”: namna ya kuandika maneno ya mtu kwa Kiingereza bila kuyapotosha

Nimemaliza kusahihisha mazoezi ya wanafunzi wangu wa jioni, watu wazima wenye kazi zao, na kosa ni lile lile la muhula uliopita. Huyu kaandika *He said me*. Yule kaandika *She told that*. Ukiwauliza kanuni wanaitaja bila kusita, lakini wakishika kalamu inawaponyoka. Mwongozo huu ni kwa mtu wa namna hiyo: umeshafundishwa, umeshaelewa, na bado unakosea.

## Andaa hivi kwanza

- Daftari na kalamu mbili za rangi tofauti. Moja ni ya maneno ya msemaji, nyingine ni ya maneno yako wewe unayesimulia.
- Ukurasa mmoja wa hadithi ya Kiingereza yenye mazungumzo mengi. Kitabu cha watoto kinafaa kuliko gazeti, kwa sababu watu wa kwenye hadithi za watoto huzungumza wenyewe.
- Simu yenye kinasa sauti.
- Nusu saa kwa siku, kwa wiki moja. Usizimeze hatua zote jioni moja. Hatua ya 5 peke yake inastahili siku mbili.

## Hatua ya 1: Jiulize, ni “sema” au “ambia”?

Kabla hujaandika neno lolote la Kiingereza, itamke sentensi yako kwa Kiswahili, kwa sauti, kisha usikilize kitenzi. Ukisikia “sema”, chukua *say*. Ukisikia “ambia”, chukua *tell*.

Alisema ana njaa.
*She said she was hungry.*

Aliniambia ana njaa.
*She told me she was hungry.*

Sababu ni hii: “ambia” haisimami bila mtu anayeambiwa. Hakuna kati yetu anayesema “aliambia ana njaa” akaishia hapo. Sikio linadai mtu: alimwambia nani? *Tell* nayo ina tabia hiyo hiyo. Ukiandika *told*, mtu aliyeambiwa anafuata papo hapo: *told me*, *told her*, *told the driver*. “Sema” haidai mtu, na *say* haidai.

Sasa lirudishe lile kosa la *He said me* katika Kiswahili. Unapata “alinisema”. Na kumsema mtu ni jambo jingine kabisa: ni kumgombeza, au kumsengenya akiwa hayupo. Kwa hiyo kosa hili halitoki kwenye Kiswahili, ingawa walimu wengi hukisingizia. Mgawanyo huu tunao tangu tukiwa watoto wadogo. Kinachotuharibia ni zile orodha za msamiati zilizotupa *say* na *tell* kama mapacha, zote mbili zimeandikiwa “sema” mbele yake, nasi tukazikariri.

Ukitaka kumtaja mtu baada ya *say*, mpitishe kwenye *to*: *He said to me*. Bila *to*, mlango umefungwa.

Kutendwa kunafuata njia hiyo hiyo. “Niliambiwa” ni *I was told*. “Inasemekana” ni *It is said*. Usiandike *I was said*; haipo.

Tahadhari. “Semea” inaweza kukuteleza. Mtoto akimtishia mwenzake, “Nitakusemea kwa mama!”, kitenzi kina “sema” ndani yake, lakini mama ndiye anayekwenda kupokea habari. Kwa Kiingereza mtoto huyo angesema *I'll tell Mum!* Kwa hiyo sikiliza kitenzi, kisha tazama kama kuna mtu anayepelekewa maneno.

Utajua umefaulu utakapokutana na *told that* na kuhisi kuna mtu kakosekana katikati, kama unavyohisi ukisikia “aliambia kwamba”.

## Hatua ya 2: Lifundishe sikio lako sauti tatu

Tamka, ujirekodi, usikilize:

- *say* hutamkwa kama “sei”
- *says* hutamkwa kama “sez”
- *said* hutamkwa kama “sed”

Wengi wetu tunatamka “seiz” na “seid” kwa sababu Kiswahili kimetuzoesha kusoma kila herufi iliyoandikwa. Hapa Kiingereza kimeacha maandishi yaende kwao na sauti iende kwake. Msikilizaji atakuelewa, lakini wewe mwenyewe hutalisikia neno likipita kwenye redio, kwa sababu unasubiri “seid” na wao wanasema “sed”.

Hakuna neno *sayed*. Wakati uliopita ni *said* kwa watu wote: *I said*, *you said*, *they said*. Ile *s* ya *says* ni ya wakati uliopo tu, kwa mtu mmoja unayemzungumzia.

## Hatua ya 3: Andika usemi halisi kwa kalamu mbili

Usemi halisi ni maneno ya mtu kama yalivyomtoka kinywani, na kazi hii ni ya *say* kuliko kitenzi kingine chochote. Chukua mfano huu:

Juma akasema, “Nimechoka.”

Kwa kalamu ya kwanza, andika kile tu kilichotoka kinywani mwa Juma: *I am tired*. Kwa kalamu ya pili, ongeza maneno yako: *Juma said*. Alama za mtajo, yaani funga na fungua semi, zinazunguka rangi ya kwanza tu. Ukiona rangi ya pili imeingia ndani ya alama, umemlisha Juma maneno yasiyo yake.

Unaweza kumtanguliza msemaji:

*Juma said, “I am tired.”*

Mkato unakaa baada ya *said*, kabla ya alama za kufungulia. Maneno ya Juma yanaanza na herufi kubwa, kwa kuwa ni sentensi yake kamili. Nukta inakaa ndani.

Au umweke nyuma, na hivi ndivyo hadithi za Kiingereza zinavyopenda:

*“I am tired,” said Juma.*

Hapa ndipo kalamu nyekundu yangu inapomaliza wino. Juma kamaliza sentensi yake, kwa hiyo mwanafunzi anaweka nukta: *“I am tired.” said Juma.* Si sahihi. Sentensi kubwa, ile inayombeba Juma pamoja na maneno yake, haijaisha mpaka ufike kwenye jina lake. Nukta inasubiri huko mwisho, na mahali pake ndani ya alama panakaliwa na mkato.

Maneno ya msemaji yakiwa swali, alama ya kuuliza inabaki, mkato hauji, na neno linalofuata linabaki na herufi ndogo:

*“Where are you going?” she said.*

Unaweza kuandika *she asked* pia. Zote mbili ni sahihi.

Ukitaka kumkatiza msemaji katikati, angalia kama sentensi yake ilikuwa imeisha au la:

*“I am tired,” said Juma, “but I will finish the work.”*

*“I am tired,” said Juma. “Go without me.”*

Katika mfano wa kwanza Juma alikuwa bado anaendelea na sentensi moja, ndiyo maana *but* ina herufi ndogo. Katika wa pili ameanza sentensi mpya, ndiyo maana *Go* ina herufi kubwa. Isome kwa sauti. Pumzi yako itakuambia ni ipi.

Mengine nayapitia haraka. Kila msemaji mpya anapewa aya mpya, hata kama kasema neno moja. Jina linaweza kuja baada ya *said*, lakini viwakilishi vibaki mbele: andika *he said* na *she said*, *said he* ni Kiingereza cha zamani. Vitabu vingi vya Uingereza hutumia alama moja moja, vya Marekani hutumia mbili mbili. Chagua mtindo mmoja, ukae nao mpaka mwisho wa kazi yako.

Kuna jambo nisilokubaliana nalo katika ufundishaji wetu. Tunawakataza watoto kurudia *said*, tunawapa orodha ya vitenzi vya kubadilishia, kisha tunashangaa kusoma *uttered Juma* na *exclaimed the goat*. Bibi aliyekusimulia hadithi za sungura na fisi alirudia “akasema” usiku kucha, na hukuchoka, kwa sababu masikio yako yalikuwa kwenye maneno ya sungura. *Said* inafanya kazi hiyo hiyo. Irudie bila wasiwasi. *Asked*, *answered* na *shouted* ziwe akiba, kwa wakati ambapo kweli mtu ameuliza, amejibu au amepaza sauti.

Utajua umefaulu ukiweza kufunika rangi ya pili yote kwa karatasi, ukasoma rangi ya kwanza peke yake, na ikasikika kama watu wawili wanaozungumza.

## Hatua ya 4: “Akamwambia” mbele ya maneno halisi

Hapa kanuni ya hatua ya 1 inapinda kidogo, na ni vizuri uione mapema.

Mtoto akamwambia mama yake, “Nina njaa.”

Sikio limesikia “ambia”, kwa hiyo mkono unataka kuandika *told*. Lakini maneno halisi yakiwepo, Kiingereza mara nyingi hupendelea *said to*:

*“I'm hungry,” the child said to his mother.*

*Told* inawezekana, hasa kwa agizo au taarifa: *He told me, “Go home.”* Lakini haiendi na swali wala na salamu. Huwezi kuandika *He told me, “How are you?”* Ukiwa na shaka, andika *said to*. Hutakosea.

## Hatua ya 5: Geuza kuwa usemi wa taarifa

Dada mmoja darasani kwangu anafanya kazi ya mapokezi hotelini. Usiku mmoja mgeni wa chumba namba 14 alimwambia kwamba atalipa asubuhi. Akaandika kwenye daftari la makabidhiano ya zamu:

*The guest in room 14 told that I will pay tomorrow morning.*

Asubuhi msimamizi akasoma, akamuita. “Dada, mbona unataka kumlipia mgeni?” Alidhani anataniwa. Msimamizi akamwekea kidole kwenye *I will pay*. Aliniletea daftari lile darasani, karatasi ikiwa bado imekunjwa pembeni, akaniuliza, “Mwalimu, nilikosea wapi? Ndivyo alivyosema yule mgeni.”

Hapo hapo ndipo palipo na kosa. Aliandika alivyosema mgeni, lakini hakumwachia mgeni alama za mtajo. Maneno ya mgeni yakaingia kwenye sentensi yake yeye, na *I* ikawa yeye.

Kuna njia mbili za kuinusuru sentensi ile, na lazima uchague moja. Ama umpe mgeni maneno yake yote, ndani ya alama:

*The guest in room 14 said, “I will pay tomorrow morning.”*

Ama uyachukue maneno hayo na kuyasimulia kwa kinywa chako:

*The guest in room 14 said he would pay in the morning.*

Tahadhari kubwa: *that* na alama za mtajo kwa maneno kamili ya mtu haviishi nyumba moja. Ukiandika *said that*, umeshaanza kusimulia. *I* ya msemaji igeuke *he* au *she*.

Ukisimulia, vitu vitatu vinabadilika.

Mtu. *I* ya mgeni inakuwa *he*. Kiswahili nacho hufanya hivi: “nitalipa” inakuwa “alisema atalipa”. Hapa huna shida.

Wakati. Hapa ndipo tunapoanguka karibu sote, na safari hii Kiswahili kweli kinachangia. Sisi tukishasema “alisema”, kitenzi kinachofuata kinabaki na wakati wake: alisema amechoka, alisema atakuja. Hatuoni haja ya kugusa zaidi. Kiingereza, kikishaweka *said*, kinakivuta kitenzi cha pili nyuma hatua moja:

- Alisema amechoka: *He said he was tired.*
- Alisema atakuja: *He said he would come.*
- Alisema ameshalipa: *He said he had paid.*
- Alisema anaweza kusubiri: *He said he could wait.*

Fikiria hivi: Mswahili anasimama pale pale aliposimama msemaji na kuona saa yake. Mwingereza anasimama leo, anatazama nyuma, na kila kitu anakiona kimepita. Jambo likiwa bado ni kweli unaruhusiwa kuacha wakati uliopo, kama *She said she lives in Tanga*, lakini mpaka uzoee, vuta nyuma kila mara. Na ukianza na “anasema”, yaani *He says*, usivute chochote: *He says he is tired.*

Maneno ya siku na mahali. “Kesho” ya mgeni inategemea daftari linasomwa lini. Msimamizi akilisoma asubuhi, *tomorrow* kwake ni siku nyingine kabisa. Andika *the next day*, au taja siku yenyewe. Katika daftari la kazi mimi hupendelea kutaja siku na saa, kwa sababu fedha na zamu hazitaki kubahatisha.

Swali nalo likisimuliwa linapoteza sura yake ya swali. “Aliniuliza ninakwenda wapi” ni *He asked me where I was going*. Usiandike *where was I going*. Mpangilio unarudi kama wa sentensi ya kawaida, na alama ya kuuliza inaondoka. Swali la ndiyo au hapana linabeba *if* mahali pa “kama”: *She asked me if I was ready.*

Utajua umefaulu mtu asiyekuwepo akisoma sentensi yako na kutaja, bila kukuuliza, nani atalipa na lini.

## Hatua ya 6: Maagizo na maombi

“Aliniambia nije.” Usiandike *He told me I come*. Umbo letu la “nije” linapata *to*: *He told me to come*. “Aliniambia nisije” ni *He told me not to come*. *Not* inatangulia *to*, na *don't* haina nafasi hapo.

Sasa jambo la heshima, na ninaliandika kwa mkazo kwa sababu limewaponza watu makazini. Kwa Kiswahili unaweza kusema “nilimwambia bosi anipe ruhusa” na hakuna atakayeinua uso. Ukiandika *I told my boss to give me leave*, Mwingereza anasikia kwamba wewe ndiye uliyemwamuru bosi wako. *Tell* ikifuatwa na mtu kisha *to*, ni amri. Kwa ombi, tumia *ask*:

*I asked my boss to give me leave.*

Kabla hujaandika *told*, jiulize: huyu niliyemwambia, nina mamlaka ya kumtuma? Kama ni mama yako, mwalimu wako, mgeni wako au daktari wako, andika *asked*.

## Hatua ya 7: Kariri hizi, hazina njia ya mkato

Kuna semi ambazo Kiingereza kimeshazifunga, na kipimo cha “sema” na “ambia” hakizifungui.

“Sema ukweli” ni *tell the truth*, na “sema uongo” ni *tell a lie*. *Say the truth* nalisikia kila wiki, hata kwa wasomi. “Simulia hadithi” ni *tell a story*. Lakini salamu, asante na samahani zote zinakwenda na *say*: *say hello*, *say thank you*, *say sorry*. “Nisalimie mama” ni *Say hello to your mother for me*.

“Kibao kimeandikwa Hatari” usiitafsiri kwa *It is written*. Mwingereza husema *The sign says “Danger”*. Barua husema, tangazo husema, saa ya ukutani husema, vyote kwa *says*.

“Hili unalisemaje kwa Kiingereza?” ni *How do you say this in English?*

Na “tuseme” yetu, ile ya kukadiria, inalingana vizuri na *let's say*: tuseme elfu kumi, *let's say ten thousand*.

Ile “Niambie!” tunayosalimiana marafiki haivuki. Ukimwambia mgeni *Tell me!* barabarani, atasimama akisubiri swali.

## Hatua ya 8: Jipime

Siku ya saba, mwombe mtu wa nyumbani akusimulie kwa dakika mbili jambo lililomtokea leo: alikutana na nani, waliambiana nini. Mrekodi kwa idhini yake. Kisha andika simulizi hiyo kwa Kiingereza mara mbili, kwanza kwa usemi halisi na kalamu mbili, halafu kwa usemi wa taarifa.

Pitia kazi yako ukiwa na maswali haya:

1. Kila *told* ina mtu mara tu baada yake, ukiacha *was told* na semi za hatua ya 7?
2. Kila *said* yenye mtu anayeambiwa ina *to*?
3. Kuna mahali *said that* imekutana na maneno kamili ndani ya alama za mtajo?
4. Katika usemi wa taarifa, kuna *I* iliyobaki? Ni wewe kweli, au ni msemaji?
5. Baada ya *said* au *told*, kitenzi kinachofuata kimerudi nyuma hatua moja?
6. Kuna mtu unayemheshimu ambaye umempa *told ... to*?

Ukikosa namba 1 au 2, rudi hatua ya 1, na uitamke kila sentensi kwa Kiswahili kabla ya kuandika. Ukikosa namba 4 au 5, rudi hatua ya 5 na uandike upya daftari la zamu la yule dada, mara tano, kila mara kwa mgeni mwingine na ahadi nyingine.

Yeye aliandika ishirini. Sasa, kabla ya kufunga zamu, husoma kila sentensi yenye *I* na kujiuliza kwa sauti ya chini, “Ni mimi huyu?”